Mutoto mwenye alizaliwa mbele ya wakati: kazi kubwa inaanza siku yenye munarudi nyumbani

Mwaka uliopita, mwezi wa sita, mudogo yangu alizaa mbele ya wakati. Mimba ilikuwa na majuma 32. Mutoto alikuwa wa kike, na mizani ilionyesha kilo 1 na grame 450. Wakati tuliingia kumuona, mama yetu alimuangalia, akanyamaza, akatoka inje. Zamani, wakati tulikuwa tunakaa Kapata, alizika wawili wa namna ile. Mbele ya kutoka aliuliza paka neno moja: "Huyu atabakia?"

Amebakia. Sasa anatambaa na kuvuta kikwembe cha kila mutu mwenye kukaa chini. Lakini ninapaswa kusema kweli: jambo lenye lilikuwa karibu kumumaliza halikutokea hospitalini. Lilitokea nyumbani, juma la kwanza kisha kutoka, wakati sisi wote tulifikiri hatari imekwisha na watu walikuwa wanafika kushangilia.

Siku ya tatu usiku baridi ilikuwa kali. Mama mukwe yake, kwa mapendo, alitia mbabula ya makala ndani ya chumba, akafunga dirisha, akamutoa mutoto kwenye kifua cha mama yake na kumulalisha karibu na moto, juu wageni walitaka kumuona vizuri. Saa moja ikapita hivi. Mudogo yangu akaanza kusikia kichwa kinamuuma na kizunguzungu. Shemeji alipofungua mulango, mutoto alikuwa amelegea, hataki kuamuka. Tulikimbia naye kwenye kituo cha afya, amefungwa ndani ya shati ya baba yake. Aliponea kidogo sana.

Makala yenye kuwaka ndani ya chumba chenye kufungwa inatoa gazi yenye haina harufu wala rangi. Inaitwa monoksidi ya kaboni, na inaua hata mutu mukubwa mwenye nguvu. Kwa mutoto wa kilo moja na nusu haina lazima ya kukaa sana. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kuko familia katika muji wetu zenye kulala na mbabula ndani. Kama kuko mutoto mudogo, tafazali, ile mbabula ibakie inje.

Sasa baridi ya mutoto wa namna hii tutaiondoa na nini? Jibu liko, na ni la bei kidogo kupita makala. Lakini kwanza tuelewane juu ya watoto wenyewe.

Waganga wanasema mutoto amezaliwa mbele ya wakati kama mimba haikufikisha majuma 37. Na wanasema mutoto ni mudogo kama kilo zake haikufika 2 na grame 500. Haiko jambo moja. Mutoto anaweza kumaliza miezi yote na azaliwe na kilo 2, juu chakula haikumufikia vizuri ndani ya tumbo. Mwingine amezaliwa mbele na kilo zake zinalingana na majuma yake. Wengine wako na matatizo yote mbili. Wewe muzazi uliza muganga: wangu ni wa majuma ngapi, na kilo ngapi? Andika zile hesabu mbili kwenye karte ya mutoto. Utazihitaji mwaka wote wa kwanza, nitaeleza mbele.

Sababu ni mingi: mapacha, tension yenye kupanda wakati wa mimba, maambukizi, mama mwenye umri mudogo sana, mimba zenye kufuatana bila kupumzika. Hapa kwetu malaria ni moja ya sababu kubwa, juu vimelea vinajificha ndani ya kondo na kuzuia chakula ya mutoto. Ndiyo maana ku CPN wanatoa ile dawa ya kumeza mbele ya muganga, kuanzia mwezi wa ine wa mimba, angalau mara tatu, na mwezi moja kati ya kila mara. Kuna wamama wanaificha chini ya ulimi na kuitupa inje. Ninajua, juu wameniambia wenyewe, na wanacheka. Tena kuna wale wenye kubeba mifuko ya mawe ao kusimama ndani ya maji kusafisha madini mpaka mwezi wa nane. Kazi nzito na kusimama saa mingi vinaongeza hatari. Siwezi kumulaumu mutu mwenye kutafuta bukari ya watoto wake, lakini bwana yake na ndugu wajue kama kupumzika kwake haiko uvivu.

Mara mingi sababu haionekane hata kidogo. Pale ndipo watu wanaanza kutafuta mulozi katika familia. Mwaka 2020 katika dunia yote walizaliwa watoto karibu milioni 13 na nusu mbele ya wakati, Amerika, Ulaya, China, kila pahali. Shangazi yako mwenye kukaa Likasi hakuwaloga wote. Na utasikia pengine watu wanasema mutoto wa miezi saba anapona kuliko wa miezi minane. Ni uongo wa zamani sana. Kila juma yenye mutoto anaongeza ndani ya tumbo inamupa nguvu zaidi.

Tufike kwa ile baridi. Mafuta yenye kuwa chini ya ngozi mutoto anayaweka katika majuma ya mwisho ya mimba. Mwenye kutoka mbele anatoka bila koti. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa ni kikubwa kuliko mwili, na joto linatoka haraka. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1400, na usiku wa mwezi wa sita sisi wenyewe tunavaa jaketi. Mutoto mwenye baridi anatumia grame zake zote kujipasha moto. Hanyonye, anachoka, sukari ya damu inashuka, pumzi inaanza kukatika. Kwa hiyo mutoto anaweza kufa na baridi bila mutu kusikia hata kilio, juu hana nguvu ya kulia.

Mwaka 1978, katika muji wa Bogotá, inchi ya Colombia, muganga Edgar Rey alikuwa na tatizo lenye wauguzi wetu wanalijua: watoto wengi, mashini ya kuwapasha moto, ile tunaita kuvezi, kidogo. Walikuwa wanalalisha watoto wawili ao watatu ndani ya kuvezi moja na wanaambukizana magonjwa. Akaanza kuwafunga kwenye kifua cha mama zao, ngozi kwa ngozi, kama nyama kanguru yenye kubeba mutoto ndani ya mufuko. Wengi walifikiri ni dawa ya masikini tu. Kisha, katika hospitali ya Manama kusini mwa Zimbabwe, pahali pa mashamba pasipo na kuvezi, walifanya vile vile. Habari yao ilitoka mwaka 1994: kati ya watoto kumi wenye kuzaliwa chini ya kilo 1 na nusu, mbele alikuwa anapona mumoja, kisha kuanza kanguru, walipona watano.

Haikubakia dawa ya masikini. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mukubwa wenye kufanywa katika inchi tano: Ghana, Nigeria, Malawi, Tanzania na India. Watoto zaidi ya 3200 wenye kilo 1 mpaka karibu 1 na grame 800. Wamoja walitiwa kwenye kifua mara moja kisha kuzaliwa, wengine walingoja kwanza mpaka hali yao itulie, namna ilikuwa desturi. Kati ya watoto 100 wenye kungoja, karibu 16 walikufa. Kati ya wale wenye kutiwa mara moja, 12. Utafiti ulikatishwa mbele ya wakati, juu haikukuwa haki kuendelea kuwangojesha wengine. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likaandika: kanguru ianze mara moja, hospitalini ao nyumbani, saa 8 mpaka 24 kila siku.

Saa 8 ndiyo mwanzo. Haiko nusu saa wakati muganga anapita.

Namna ya kufanya ni hii. Mutoto anabakia na couche, kofia na soksi tu. Mama anafungua kifua, hata sutien anatoa. Mutoto anasimamishwa katikati ya maziwa, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, mikono vile vile. Kichwa kinageuzwa upande, kinainuliwa kidogo ili pumzi ipite. Kidevu kisilalie kifua. Kikwembe kinamuzunguka na kufungwa nguvu, ukingo wa juu unafika chini ya sikio. Kisha mama anavaa buluzi yake na jaketi juu. Anaweza kutembea, kupika mbali na moshi, kusali, kuongea na telefone. Usiku analala ameegemea mito, kichwa na mugongo juu, halali sawasawa. Kama anataka kuoga, mutu mwingine anachukua zamu.

Kwetu yule mwingine alikuwa baba. Siku ya kwanza shemeji alikataa: "Mimi mwanaume, maziwa ninayatoa wapi?" Muuguzi akamujibu kama hakuna mutu anamuomba maziwa, wanamuomba kifua. Usiku ule alilala akiwa ameketi. Kisha ile mambo ya mbabula, ilikuwa yeye mwenyewe anatufukuza tukichelewa na mutoto mikononi. Hata nkambo anaweza, kama hana kikohozi.

Jambo moja linatuhusu sisi wa Lualaba. Shemeji ni muchimbaji. Alikuwa anarudi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Mwaka 2018 watafiti wa universite ya Lubumbashi na ya Leuven walionyesha kama watu wa mutaa wa Kasulo, zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti mingi katika mukojo kuliko watu wa mutaa wa karibu wenye hauna mashimo. Mwaka 2020 utafiti mwingine, wa Lubumbashi, uliona kama wababa wenye kazi ya migodi walikuwa wengi zaidi kati ya wazazi wa watoto wenye kuzaliwa na vilema. Utafiti wa kwanza ulipima vumbi na mukojo, wa pili vilema; haiko kuzaliwa mbele ya wakati. Lakini kwa kifua chenye kitalaza mutoto sheria ni nyepesi: baba anavua nguo za kazi inje, anaoga na sabuni, kichwa na makucha, anavaa shati safi, ndipo anamupokea mutoto. Nguo za mugodi hazifuliwe ndani ya beseni moja na nepi.

Kisha joto, maziwa. Maziwa ya mama mwenye kuzaa mbele ya wakati si sawa na ya mama mwingine: siku za kwanza yako na proteini mingi zaidi, mwili wenyewe umepanga. Yale mazito ya manjano ya mwanzo, yenye wengine wanamwanga, ndiyo yanalinda matumbo ya mutoto juu ya ugonjwa mubaya wenye kushambulia watoto hawa. Shida ni kwamba mbele ya majuma 32 mpaka 34 mutoto hajue bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Wa kwetu alianza na kamupira kadogo ka pua, kisha kikombe kidogo. Haiko biberon: chupa ni ngumu kusafisha, na inamuzoesha vibaya. Mama anakamua na mukono, mikono yenye kunawa, ndani ya kikombe chenye kuchemshwa. Anakamua hata kama ni matone matatu, mara nane ao zaidi kwa siku, usiku pia, ndivyo maziwa yanakuja. Yenye kukamuliwa yanaweza kukaa saa 4 ndani ya nyumba. Maji ya sukari, chai, dawa ya mizizi, uji mwepesi: hapana, mpaka miezi sita.

Mutoto huyu hakuombe. Mutoto mukubwa akiwa na njaa analia mpaka jirani anajua. Mudogo analala, na akiwa na njaa sana analala zaidi. Mudogo yangu alikuwa anafurahi: "mutoto wangu ni mutulivu". Utulivu ule ulikuwa njaa. Kila saa mbili ao tatu unamuamusha, unamugusa nyayo, unamunyonyesha, usiku na muchana.

Kama anakunywa vizuri utajua ku kilo. Siku za kwanza anapunguka, usiogope. Inapaswa arudi kwenye kilo za kuzaliwa wakati wa majuma mawili hivi. Kisha pale anaongeza kila siku grame 15 kwa kila kilo. Wa kilo 1 na nusu anaongeza karibu grame 22, kama vijiko vidogo vitano vya sukari. Macho hayawezi kuona vijiko vitano vya sukari. Ndiyo sababu kumurudisha kila juma kwenye mizani ni lazima, hata kama unaona "eko muzuri". Ninajua wamama wengi wanatoka hospitali mbele ya wakati juu faktire inapanda, na wengine wanaogopa kurudi juu ya ile deni. Kwenye kituo cha afya cha mutaa unaweza kupima kilo. Ingia pale.

Sasa ile hesabu ya majuma yenye nilikuambia uandike. Mutoto wetu alitoka majuma 8 mbele ya majuma 40, ni kusema miezi miwili. Leo, kwa siku ya kuzaliwa, ana miezi 11. Lakini kwa kichwa chake, shingo na magoti yake, tunamuhesabia miezi 9: tunatoa miwili. Mwezi wa ine jirani alikuja na mutoto wake wa umri moja, anageuka na kucheka na sauti. Wetu alikuwa tu anaanza kuinua kichwa. Jirani akasema polepole: "Huyu hatakuwa na akili." Mudogo yangu alilia siku mbili. Lakini mutoto alikuwa wa miezi miwili, anafanya kazi ya miezi miwili. Mukihesabu vile, mutajua pia wakati wa kuwa na wasiwasi wa kweli. Kama kwa umri ule wenye kurekebishwa amefikisha miezi mine na hashike kichwa, ao miezi tisa na hakae hata kidogo, ao mwili ni mugumu kama muti, ao mukono moja tu ndiyo unafanya kazi, usingoje. Endeleeni kuhesabu vile mpaka miaka miwili.

Kwa chanjo, hapana kutoa kitu. Chanjo zinafuata siku ya kuzaliwa, juu magonjwa hayahesabu majuma. Wengi wanakosea hapa na kumuchelewesha "mpaka akomae". Na kama mutoto alipewa oksijeni kwa siku mingi, uliza kama wanaweza kuchunguza macho na masikio.

Akili yake munaijenga namna gani? Na uso wako. Akiwa kwenye kifua, inamisha kichwa, mukaribishe karibu kama urefu wa mukono mpaka kwenye kiwiko, zungumuza naye Kiswahili, Kisanga, Kiluba, chochote chenye unaongea. Imba polepole. Atakuangalia kidogo kisha atageuza uso, ao atapiga chafya, ao atafungua vidole vyote kama nyota. Ule ndio usemi wake: nimechoka. Unamuacha apumzike. Redio, hata yetu, ikuwe chini. Mugongoni, ngoja mpaka shingo ikaze.

Unarudi kwa muganga siku ile ile, hata usiku, kama anakataa kunyonya mara mbili zenye kufuatana, kama nyayo na tumbo vyote ni baridi na kanguru ya saa moja haijamupasha, kama mwili ni moto, kama anapumua mbio ao pumzi inakatika, kama mbavu zinaingia ndani, kama midomo ni ya bluu, kama viganja na nyayo ni vya manjano, kama anashituka-shituka, kama kitovu kinanuka ao ni chekundu. Njiani anabakia kwenye kifua. Sisi tulimufunga ndani ya shati bila kufikiri, tulikuwa tunaogopa tu; kule kituo muuguzi alituambia ile shati ndiyo ilimufikisha akiwa na joto.

Juzi nilimusindikiza mudogo yangu kupima kilo: kilo 7 na grame 600. Mama yetu alikuwa pale, ameshika karte. Muuguzi akauliza mutoto ana miezi ngapi, na mama akajibu mbele yetu wote: "Ya kuzaliwa 11, ya kweli 9."